Namna ya Kuanguka

Miaka sita, Jumanne na Alhamisi,
juu ya duka la magodoro pale Majengo,
nimeipiga hewa mateke hata hewa ikachoka.
Mwalimu Chivatsi akihesabu Kijapani chenye lafudhi ya Rabai,
nasi tukimwitikia, jasho likidondokea mkeka
uliotiwa viraka kwa uzi wa magunia.
Kakangu Famau akinicheka:
"Hiyo hewa imekukosea nini?"

Usiku ule nimefunga famasi saa nne kasoro,
nakata kichochoro cha Guraya,
mkononi viazi karai alivyoniagiza mama,
mafuta yanapenya gazeti.
Wakatoka wawili.
Mmoja na panga.
Mwingine mikono mitupu,
na huyo ndiye niliyemwogopa zaidi.

Nitakwambia kweli, maana hadithi hizi uwongo wake ni mwingi:
mwili wangu ulisahau kila kitu.
Zile kata zilizokuwa zikitiririka kama maji ya bomba
(na bomba la kwetu walijua)
zilikatika.
Goti la kushoto likawa la mtu mwingine.
Ulimi ukakauka, masikio yakajaa mvumo,
nikaona panga tu, kutu yake, alama ya kiwanda,
mamba mdogo kaachama.

Kwenye mkeka adui hungoja muinamiane kwanza.
Kwenye mkeka hakuna mtaro.

"Leta simu."
Nikaleta.
Andika hivyo: mwenye mkanda wa kahawia alileta.
Ila sikumpa mkononi. Niliitupa kando, kulia kwao,
kama alivyotuagiza Mwalimu siku moja ya mvua
tulipokuja wanne tu
tukaona anatupotezea wakati.
Mwenye panga akainama kuifuata.
Mwenzake akanisukuma.

Hapo, hapo tu, miaka sita ikanirudia.
Ngumi haikuja, wala teke.
Kidevu kilijitia kifuani chenyewe,
mgongo ukajikunja kama jongoo,
kiganja kikapiga saruji, pwaa! kabla ya kisogo,
nikabingirika, nikasimama,
na sauti ikanitoka, ile ya chini ya kitovu,
ambayo Famau huiita ya mbuzi wa Idi.
Madirisha matatu yakafunguka.
Mwanamke akauliza kwa hasira
nani anayechinjwa saa hizi.

Nikakimbia.
Mbio hatukufundishwa. Hizo nilikuja nazo.

Mama alicheka kwanza, halafu akalia:
kwa mwoga na kwa shujaa, usiku ule, ilikuwa nyumba moja.
Viazi nilikuwa ningali nimevikumbatia.
Vimepondeka. Tukavila na ukwaju.

Alhamisi Mwalimu akaniuliza mbele ya wote:
"Ulipiga?"
"Sikupiga."
Darasa likaguna. Watoto wa mkanda mweupe
wakatazamana kama watu waliouziwa redio mbovu.
"Kichwa kiligusa chini?"
"Hakikugusa."
Akakishika kiganja changu, kimevimba
rangi ya zambarau lililokanyagwa,
akakigeuza, akakigeuza tena,
kisha akasema: "Pangeni mstari. Leo tunaanguka."

Tukaanguka hadi isha.
Wavulana wakanung'unika, wao walitaka mateke.
Mimi kila nikigusa mkeka nilijiuliza,
asingeinama yule, je?
Nimemuuliza Mwalimu pia. Akakunja mkanda wake,
akaukunjua, akaukunja.
"Sijui," akasema,
na ndiyo mara ya kwanza nikaona kwamba anazeeka.

Siku hizi nikifunga famasi
napita njia kubwa, penye taa na wauza kachri,
dakika nne zaidi.
Viazi vinapoa njiani.