Wino wa Buluu

Baba alitaka ramani anayoweza kuikunja.
Ya simu haikunjiki, alisema,
na kidole changu kikiigusa tu inakimbia hadi Ureno.
Basi Jumamosi, Ponferrada, ghorofa ya nne,
mvua ikichapa kioo, nikawasha kompyuta.

Niliandika jina la kijiji: Valdecorzos. Hakuna.
Nikaliandika tena kwa herufi kubwa,
kama mtu anayempazia sauti kiziwi.
Mashine ikanipendekezea hoteli huko Murcia.
Nikaandika jina la bwawa, na papo hapo likaja,
refu, limepinda kama kiwiko,
na pini nyekundu pale wanapokodisha mitumbwi.

Nikabonyeza kuchapa.
Printa ikatema karatasi moja: nusu ramani,
nusu mraba wa kijivu, na chini yake
tangazo la viatu vya kupandia milima.
Baba akaigeuza, akatazama mgongoni.
"Na sisi tuko wapi?"

Nikaamua kuliiba bonde vipandevipande.
Navuta karibu, nakamata picha ya skrini,
nakata kisanduku cha kutafutia, nahifadhi,
nasogeza kidogo kushoto, nakamata tena.
Moja. Mbili. Nne.
Kwenye ya saba niligusa gurudumu la kipanya bila kujua
na mlima ukanenepa;
barabara iliyotoka ya sita nyembamba kama uzi
ikafika ya saba imevimba, haina pa kuingilia.
Nikairudia. Haba na haba, nikajisemea,
ingawa kibaba chenyewe kilijaa maji:
kati ya karatasi kumi na mbili, tano
zilikuwa buluu tupu,
bila njia, bila jina.

"Hizi tano tuziache," nikamwambia. "Wino ghali."
"Hizo ndizo nilizokuagiza."

Ya kwanza ilitoka imelowa, imejikunja pembe.
Ya pili, sawa. Ya tatu ikaanza kupauka.
Taa ya njano ikakonyeza.
Ya nne ilikuja na mistari myeupe, mipana kama tepe,
na ya tano ilikuwa karibu nyeupe yote,
buluu yake ile ya mishipa ya mkononi.
Nilishavaa koti niteremke kwa Amancio kabla hajafunga.
Baba akasema, vua koti.

Tuliondoa mkate na chupa ya mafuta mezani,
tukapunguza kingo kwa kisu cha mama,
tukaunga kwa selotepu.
Kisha akatoa mfukoni penseli ya useremala
na kwenye mstari mweupe wa kwanza akapiga msitari:
"Njia ya kinu."
Kisanduku. "Tanuri. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi."
Kanisa alilichora kubwa mno, likakalia makaburi;
akalifuta kwa kidole, likabaki doa.
Kwa Obdulia. Kwa yule kinyozi mwenye punda.
Mlango wetu, na ndani ya mlango, nukta.
Sikumuuliza nukta ni nini.

Akakwama kwenye birika la kunyweshea ng'ombe.
Kabla ya mti wa jozi, au baada?
Tukampigia shangazi Delfina, Bembibre, sauti wazi.
"Kabla!" alifoka. "Ulianguka humo ukiwa na suruali mpya!"
"Baada," akasema baba, "na suruali ilikuwa ya Eutiquio."
Wakagombana mpaka supu ikapoa.
Akachora mabirika mawili.

Jumapili aliikunja mara nane, mikunjo ikapita
popote isipokuwa kwenye maungio,
akaishindilia ndani ya koti na kwenda kukodi mtumbwi.
Hakunialika.

Jumatatu nilinunua wino, nikazichapa upya zile tano,
buluu timilifu toka ukingo hadi ukingo.
Alizitazama, akanishukuru kwa adabu.
Ziko kwenye droo, pamoja na bili za umeme.