Vifungo

Baba alipanga ratiba ya ligi kwenye meza ya jikoni,
Jersey City, ghorofa ya tatu, juu ya fundi viatu.
Kila timu kifungo. New York cha bluu,
Boston cha pembe, Providence cha koti la bibi
aliyezikwa nalo likiwa wazi kifuani.

Arobaini na sita: michezo sitini.
Sitini tu, na bado hakulala.
Alikuwa mpangaji wa ratiba, akajua mapema
kwamba hata mpira wenyewe ni mpangaji:
mwenye nyumba ni magongo ya barafuni.
Jumamosi ni zao. Machi, wiki nzima, ni ya sarakasi.
Sisi tulipewa Jumanne, na mbao zilizotandikwa
juu ya barafu, na tembo kunusa nyuma ya pazia.

Providence ikafa mwaka wa tatu.
Hakukitupa kifungo. Alikirudisha koponi, akafunika.

Kisha namba zikaanza kupanda kama kodi:
sabini na mbili, sabini na tano, sabini na tisa.
Barua ikaja kutoka Syracuse, mwandiko wa penseli,
mchezaji mmoja, Ezra Pettibone:
"Bwana Brodzik, umewahi kulala wima
kwenye treni, magoti masikioni,
ukaamka mji ambao hujui ulishinda au la?"
Baba aliisoma mara mbili. Mwaka uliofuata
alisogeza kifungo kimoja. Kimoja.

Minneapolis walipohamia Los Angeles
meza iliisha kabla ya Kalifonia.
Mama akaleta ubao wa kupigia pasi,
magharibi yote ikakaa juu yake,
nguo zetu zikavaliwa na makunyanzi majira mazima.

Themanini na mbili ilifika mwaka nilioolewa.
Arobaini na moja nyumbani, arobaini na moja ugenini.
"Haitadumu," alisema, "wataongeza."
Hawakuongeza. Ndoa yangu ndiyo haikudumu.

Kompyuta ikaja, ikamaliza kwa usiku mmoja
kazi ya kiangazi chake. Wakampa saa ya mkononi.

Alikuwa na miaka themanini na mitatu
wenye timu walipofunga milango hadi Januari
na michezo hamsini ikabanwa ndani ya miezi mitatu.
Alisoma gazeti kwa kidole:
"Usiku tatu mfululizo, Verna. Tatu!
Ezra angewachoma moto."
Akaomba kopo. Mikono ilitetemeka,
akapanga hadi Februari ya kati, akasinzia.

Machi ile ya ugonjwa, mpira uliposimama kila mahali
na kumbi zikabaki hata bila sarakasi,
nililifungua mwenyewe.
Vifungo thelathini na kitu, vingine sijui ni nani.
Cha Providence nilikishona kwenye sweta langu la kijani.
Hakifanani na vingine. Tundu ni dogo, hakipiti;
kila asubuhi nakisukuma, kinagoma.