Unyayo wa Kunguru

Mstari mmoja wa mlalo, shibiri haufiki,
na chini yake mikato mitatu imekutana vichwa
kama unyayo wa kunguru aliyetua jiweni akaruka.
Wapimaji waliuchonga kwa patasi, zama za malkia wa kale,
mvua ya Wales ikiwatiririka shingoni,
wakaandika daftarini: *hapa,
futi mia nne kumi na mbili juu ya bahari.*

Wakakunja minyororo yao, wakaenda.

Eluned Prydderch aliingia barazani na koti linalochuruzika,
na picha moja ndani ya mfuko wa mkate.
Barabara ya Rhyd-las ilitaka kupanuliwa.
Katika orodha ya majengo yanayolindwa
kanisa limo, hata kibanda cha simu kimo;
ukuta wa daraja, wa kufika kiunoni,
nani angeukumbuka?
Alipewa dakika tatu. Akatumia mbili.
"Silitetei daraja," alisema. "Nalitetea jiwe moja."

Mhandisi Iorwerth akatabasamu kwa adabu:
siku hizi urefu wa mlima huulizwa setilaiti.
"Na jino la mwisho la babu yako," akauliza Eluned,
"utaling'oa kwa kuwa mmenunua blenda?"

Zikapigwa kura. Sita kwa nne.
Karani nilikuwa mimi. Niliandika, kwa mwandiko wa kujivunia:
*Jiwe lenye alama lihifadhiwe.*
Nikatia nukta. Nikaenda kunywa chai.

Na kweli likahifadhiwa.
Mwashi Gethin alilichomoa kama atoaye yai kiotani,
akalisugua kuvu, akalijenga kwenye ukuta mpya,
juu kidogo, wapita njia walione,
na kibao cha shaba ubavuni.

Eluned alikuja Jumapili na pimamaji na uzi,
akaanzia kizingiti cha kinu cha zamani, ambacho hakijasogezwa,
akapiga magoti topeni na miaka yake sabini na moja.
Sentimita sitini na mbili.

Hakunikaripia. Alifuta uzi kwa leso, akauviringisha.
"Lilikuwa linajua jambo moja tu," alisema,
"na sasa hata hilo linalisema uongo."

Usiku nililifungua jalada.
Muhuri upo, sahihi zipo, sheria imekaa sawasawa.
Baada ya *lihifadhiwe*, kabla ya nukta,
nimepima kwa ukucha:
pana nafasi finyu, lakini ingetosha
kuandika *palepale*.