Fundo la Thelathini

Kamba ya katani tuliinunua Kibuye,
tukaipiga fundo kila mita moja,
mafundo thelathini, kisha tukashuka Auji:
mimi, Okumba na kopo la rangi nyekundu,
na Bi Nyagilo, anayekijua kila kisiki
kama mtu ajuavyo kaburi la kwao.

"Hapa palikuwa na mkuyu. Nyani walikuja.
Pale mtalawanda, ukaingia tanuri la matofali.
Na hapa..."
Akanyamaza. Hapo palikuwa pameota ukuta,
na juu ya ukuta, meno ya chupa.

Mto ulikuwa na rangi ya chai iliyolala.
Ulipita na povu, na kandambili moja ya kushoto,
ukapita kimya, kama mdaiwa mbele ya duka.

Tukapima.
Fundo la tano, sukuma wiki za jirani.
La kumi na mbili, choo.
La ishirini, mikaratusi ya mchungaji,
mirefu, myembamba, inakunywa haishibi.
Okumba akapaka, watu wakatoka,
mikono kiunoni: "Na kwenu je, mmepima?"

Kamba ikaingia uani kwetu.
La ishirini na sita, kizingiti.
La ishirini na nane, redio, picha ya baba.
La thelathini likatua juu ya mto,
si ule wa maji:
huu wa pamba, anaolalia mama.

Okumba akasimama, brashi ikidondoka sakafuni.
Mama akaugeuza mto, akatuonyesha
mstari wa tope, kahawia, mnyoofu kuliko kamba yetu.
"Mnapima nini? Mwezi wa nne
mito hii miwili ililala kitanda kimoja,
mimi nikalala juu ya meza.
Paka."

Sasa amepanga chumba Manyatta,
analalamikia kodi, analalamikia ngazi.
Miche sitini tulipanda; mbuzi wa Ogaye
walikula kumi na tisa wakarudia wa ishirini.
Ukuta wa chupa ungali umesimama,
rangi yetu juu yake imepakwa chokaa.

Lakini kila Jumamosi mama huteremka na ndoo
hadi pale kilipokuwa kitanda chake.
Mkuyu wenyewe haujapita goti.
Anauita Mpangaji.
Anaumwagilia polepole, huku akiusimanga:
"Hata amana hukulipa, wewe,
na tayari unataka dirisha."