Shavu la Mita Tisa

Mimi ndiye niliyempandisha yule mwanamke
juu ya barabara kuu ya Manila,
kwa kamba, koleo na mikanda miwili ya usalama,
mmoja wa kuazima.
Shavu lake peke yake lilikuwa mita tisa.
Mwenye kunitazama toka chini
angenidhania chunusi.

Maandishi yalisema: *Ng'aa, ufike.*
Kufika wapi, hayakusema.

Binti yangu anaitwa Luningning.
Kwa lugha yetu ni mng'ao;
bibi yake alimpa jina hilo
alipomwona usiku umeme umekatika,
bila kuuliza rangi.

Tufani ilipotangazwa, jiji likaamuru mabango yashushwe.
Kampuni haikulitaka tena turubai.
Nikabeba nusu ya uso mpaka Tondo,
nikaupigilia chini ya bati linalovuja,
picha ikitazama ndani,
maana mke wangu alikataa katakata
majirani waone tumeezeka mwanamke.

Basi mtoto akalala chini ya shavu.
Miezi.
Nikaanza kuona ndimu zikiisha jikoni,
magoti yake yamechubuka kwa jiwe,
sabuni ya mpapai imefichwa ndani ya soksi.
Usiku mmoja akauliza, kama anayeuliza saa:
"Baba, mhandisi wa madaraja
anaruhusiwa kuwa mweusi?"

Nikatazama mikono yangu,
miaka ishirini ya jua la mabango.
Jibu lilikuwepo mdomoni.
Lakini kodi ya mwezi ule
ililipwa na shavu.
Nikasema, lala.

Septemba maji yakapenya.
Ukungu ukaota juu ya ule weupe,
madoa ya kijani, kisha meusi,
na dawa ya kufutia ni ghali.
Nilirudi kazini nikamkuta amesimama juu ya ndoo,
kalamu ya wino mkononi,
anaunganisha doa na doa:
pembetatu, pembetatu, pembetatu,
kutoka puani hadi sikioni.

"Usiguse, sijamaliza.
Mraba ukiusukuma unalala.
Pembetatu hailali, Baba. Jaribu."
Nikasukuma kwa kidole. Turubai likabonyea,
maji yakanimwagikia kichwani,
akacheka mpaka akashuka kwenye ndoo.

Sabuni bado ipo ndani ya soksi,
imebaki nyembamba kama ulimi wa paka.
Sijui kama anaitumia. Sijauliza.

Jumatatu nina kazi:
mwanamke mwingine,
meno tu, mita sita.