Kingo Nne

Waya nimeununua sokoni Kutaisi,
mita tatu, lari kumi na mbili,
muuzaji kaapa kwa macho yake mawili
kwamba unapitisha picha mpaka unywele wa kope.
Kichwa chake bapa, pembe mbili zimenyolewa:
ukikilazimisha, hakiingii,
ukikibembeleza, tiki.

Bibi Nazibrola kaketi mbele ya runinga
kama aliyealikwa kwa watu asiowajua,
unga wa mahindi ungali kuchani.

“Hakuna ishara,” yaandika runinga, kioo buluu tupu.
Namsomea.
“Hata mimi sijaiona,” ajibu, “tangu tumzike.”

Nabonyeza rimoti. Ingizo la kwanza. La pili.
La tatu, na ukuta mzima ukawa harusi,
ya shangazi Tsisana, mwaka wa tisini na sita,
umeme wa kuazima, nyuso zina chenga kama mchanga.

Picha ukutani, sauti mezani:
midomo inaimba mbele yetu,
wimbo unatoka kwenye kompyuta, kisogoni.
Bibi anageuka huku, anageuka huku,
mtu aliyeitwa na wawili.
Natafuta spika, nachagua nyingine,
wimbo unavuka chumba.

“Murmani yuko wapi?”

Meza ndefu, mikate, mitungi ya mvinyo,
na pembeni kabisa kiwiko cha koti la kijivu,
kiwiko na nusu ya bilauri.
“Ndivyo alivyokuwa,” asema. “Kujibanza ukingoni,
hata siku ya kumwoza mwanawe.”

Tusimsingizie marehemu.
Runinga hii ina tabia ya kinyozi asiyeuliza:
hupunguza kingo zote nne.
Ilitoka Ujerumani, imetumika,
nami Kijerumani nakisoma kwa kupapasa,
menyu chini ya menyu,
hadi neno linalonusa “nzima.”

Picha ikasinyaa, kidole kimoja kila upande.
Kiwiko kikapata bega,
bega likapata shingo,
na babu huyo, bilauri yake kamili,
hamtazami bi harusi wala kamera.
Anatazama ng’ambo ya meza, ukingo wa pili,
ambako mwanamke aliyebeba sinia,
naye alikuwa amekatwa,
anamtazama yeye.

Bibi akapangusa mikono kwenye aproni,
kidole baada ya kidole.
“Waya huo,” akasema, “mtu asiuguse.
Nitafagia kwa kuuruka.”