Uzi

Nina picha mia moja na kumi na saba,
zote za wachezaji, zote za studio.
Hakuna hata moja iliyopigwa uwanjani:
siku zile kamera haikujua kukimbia.
Mtu alikaza misuli, akabana pumzi,
akahesabiwa moja, mbili, tatu,
akawa amefunga bao
mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba
asilowahi kuingia.

Zinalala katika makopo ya biskuti,
karafuu kila pembe, kwa ajili ya mende.
Chausiku hulalamika:
wanaume wote hao uvunguni,
na wewe juu unakoroma, mimi nilinde nani?

Moja si ya kwetu.
Fundi kola wa Mtaa wa Mchikichi
alikuwa akiitumia kupigia mstari.
Ndogo kuliko kiberiti, rangi ya chai iliyopoa:
Mzungu mwenye sharubu, gongo begani,
macho juu, anasubiri mpira.
Besiboli. Karne ya kumi na tisa, Marekani,
kadi iliyotiwa ndani ya pakiti ya sigara.
Ilifikaje Kariakoo? Baharia, labda.
Labda deni la bia.
Nilimpa fundi elfu nane na mkasi mpya,
akanitazama kama mtu wa kuombewa dua.

Usiku huo nikaiweka chini ya lenzi ya fundi saa.
Mpira ulikuwa hewani, sawa,
lakini juu yake, mwembamba kama mvi,
uzi.
Wameutundika!
Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Ndipo nikamkumbuka Chaurembo Mlanzi,
kipa wa Nyota ya Gerezani,
Studio Mascarenhas, mwaka arobaini na tisa.
Nikamtoa kwenye kopo.
Mikono imenyooka, goti limekunjwa,
mpira wa ngozi unamjia na haufiki.
Nikasogeza lenzi.
Uzi.
Nikaufuata uzi kwenda juu, polepole,
kama anayepanda mnazi,
na pale pembeni, ambapo picha inakwisha,
kidole.

Miaka kumi na miwili nimekuwa na picha hii
nikijua kila doa, kila ufa,
sikujua tulikuwa na mtu wa tatu.

Niliulizia. Ilichukua Ramadhani nzima.
Magomeni Mapipa, nyumba yenye mlango wa buluu:
Bi Mwanakheri, aliyekuwa yaya wa watoto wa Mascarenhas,
binti wa miaka tisa juu ya ngazi.
Alivaa miwani, akavua, akavaa tena.
"Mkono uliniuma wiki nzima," akasema.
"Na huyu kipa wenu alikuwa mzembe,
anapepesa macho. Tulirudia mara nne.
Nilipewa andazi."
Kisha: "Ina thamani gani?"
Nikamweleza mambo ya muhuri wa studio nyuma,
ya pembe nne kuwa kali, bila mkunjo,
maana pembe, bibi, pembe ndiyo bei.
Alisikiliza kwa adabu kabisa.
"Mimi sina picha yoyote ya utoto," akasema.

Akanyoosha mkono chini ya mto wa kiti,
akatoa mkasi wa kukatia ukili,
na kabla sijapata sauti
kacha.
Pembe ya juu, kulia.
Kipande cha ukubwa wa kucha
akakiweka ndani ya kitambaa, akakifunga fundo,
akakitia kifuani.
"Kipa wako. Kidole changu."

Nilirudi kwa miguu hadi Jangwani,
koo limekauka, mkono mfukoni
ukipapasa ule mkato mbichi.
Mkusanyaji mwenzangu, Pereira, alipoiona
alishika kichwa: umeua mali!
Sikumjibu.

Bado ni mia moja na kumi na saba.
Usiku mwingine humtoa Chaurembo
nikamwegemeza kwenye glasi ya maji.
Uzi unapanda, unapanda,
unafika kwenye mkato.
Mpira haujaanguka.